Vazi Lina Mwenyewe: Kwa Nini Nguo Fulani Hutuchefua

Novemba 2023, Spika wa Bunge la Taifa la Kenya, Moses Wetang'ula, alipiga marufuku suti ya Kaunda kwenye viwanja vya Bunge. Mbunge wa kiume, alielekeza, avae koti, shati la mikono mirefu lenye kola, tai, suruali ndefu, soksi na viatu. Wakenya walicheka, maana aliyeipa suti hiyo umaarufu mpya nchini kwao alikuwa Rais William Ruto mwenyewe.

Sasa rudi nyuma nusu karne, uvuke hadi Kinshasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Rais Mobutu Sese Seko aliifukuza tai nchini mwake Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mwanamume wa Zaire mwenye cheo alitakiwa avae abakosti, koti lisilo na tai ambalo ukiliweka kando ya suti ya Kaunda utadhani ni ndugu wa tumbo moja. Ni hadi Aprili 1990, siku Mobutu alipotangaza mwisho wa chama kimoja, ndipo tai iliporuhusiwa kurudi. Kwa hiyo tai ileile ni adabu Nairobi, na Kinshasa ilikuwa mkoloni ambaye bado hajaondoka shingoni mwa watu.

Huwa tunayamaliza mazungumzo ya mavazi kwa kusema kila mtu na macho yake. Ni kweli, lakini macho hayo yalifundishwa na mtu, mahali fulani, kwa sababu fulani, na sababu hizo zinafuatilika. Ninachoamini ni kwamba anayesema "nguo ile sitaki hata kuiona" mara nyingi anamzungumzia mtu. Kichwani mwake vazi lina mwenyewe, awe mkoloni, mtumwa, mhuni, mshamba au marehemu, na yeye hataki kufananishwa naye hata kwa dakika tano za kusubiri daladala.

Mara nyingi, si mara zote. Ziko chuki za nguo zisizo na historia wala siasa, ni za ngozi tu. Dera la polista saa saba mchana Mombasa ni adhabu, hata kama limepambwa nakshi kifuani na limenunuliwa kwa bei kubwa. Polista hainywi jasho kama pamba, hivyo jasho hubaki mwilini na kitambaa kikaganda mgongoni. Suti ya vipande vitatu kwenye harusi ya Dar es Salaam mwezi wa pili nayo ni hivyohivyo. Wengine wanawashwa na sweta, wengine hawavumilii kitu chochote kinachogusa koo. Baadhi ya watu, hasa wengi wenye usonji, husikia lebo ya shingoni au mshono wa soksi kama msumari. Mtoto anayepiga kelele kila asubuhi akivalishwa sare ya shule huenda si mkaidi hata kidogo. Chuki ya namna hii haina mjadala. Ukate lebo, ubadilishe kitambaa, yaishe.

Baada ya ngozi kuna kinyaa, na hapo ndipo mambo yanapoanza kuwa na utata. Katika miaka ya 1980 wanasaikolojia wa Marekani, Paul Rozin na Carol Nemeroff, walikuwa wakiwauliza watu kama wangekubali kuvaa sweta lililowahi kuvaliwa na mtu wanayemchukia, au mgonjwa, au mtu mwovu anayejulikana na dunia nzima kama Hitler. Wengi walikataa. Walipoambiwa sweta limefuliwa vizuri, wengi bado walikataa. Sabuni inaondoa uchafu, haiondoi mtu. Akilini mwetu aliyevaa huacha kitu chake ndani ya nguo, na kitu hicho hakionekani kwa darubini yoyote.

Mswahili hakuhitaji wanasaikolojia kuyajua haya. Mitumba ilipoanza kuzagaa, wapo walioiita kafa Ulaya, kwa kuamini kwamba Mzungu hatoi koti zima kama hilo isipokuwa amekufa. Watu waliapa hawatazivaa. Leo nenda soko la Karume pale Ilala, Dar es Salaam, alfajiri, au Gikomba ya Nairobi, uone wanavyogombania belo likifunguliwa: wa kwanza kuchambua anapata za kwanza, na anayekuja saa nne anaokota yaliyobaki kwa bei ya kutupa. Marehemu wa Ulaya amesahauliwa. Amesahauliwa lakini si kabisa, kwa sababu mpaka bado upo, umesogea tu kwenda ndani. Shati la mtumba halina tatizo, jinzi haina tatizo, sidiria watu wanasitasita, na chupi ndiyo inayomfanya mtu akunje uso. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, limepiga marufuku kuingiza nguo za ndani za mitumba kwa sababu za kiafya. Lakini sikumbuki kumsikia mtu akinitajia fangasi. Wote husema "aliyeivaa ni nani?"

Na mtu huyohuyo akisafiri kwenda mkoani atalala gesti, kwenye shuka ambazo wiki nzima zimelaliwa na wasiojulikana, na atakoroma.

Pwani yetu ina mfano mzito kuliko huu. Katika karne ya 19 Zanzibar na miji ya mwambao ilijaa vitambaa vya merikani, pamba nyeupe isiyo na rangi iliyoletwa na wafanyabiashara wa Marekani, wengi wao kutoka Salem katika jimbo la Massachusetts. Merikani ndiyo iliyovaliwa na watumwa. Ikitiwa nili ikawa kaniki, kitambaa cheusi cha buluu ambacho mjakazi alijifunga kifuani akienda shamba au kisimani. Mtumwa wa kiume hakuruhusiwa kuvaa kofia wala viatu mbele ya bwana wake. Mavazi yalikuwa sajili: mtu akitokea mwisho wa kichochoro, kabla hujamwona uso, umeshajua ni wa nani.

Mwaka 1897 hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Zanzibar. Sheria ilikuwa na kasoro nyingi na uhuru wenyewe ulikuja kwa kuchelewachelewa, lakini angalia watu walifanya nini na miili yao. Wanawake waliokuwa watumwa waliitupa kaniki. Walihamia kwenye kanga, nguo yenye pindo na mji na rangi za kuita, iliyokuwa imeanza kuvuma miaka michache kabla, na mitindo yake ikibadilika haraka kiasi kwamba ya mwezi uliopita ilikuwa imeshapitwa. Wanaume walivaa kanzu na kofia. Miaka ilivyosogea, buibui nalo, lililokuwa la mabibi wa hadhi, likaingia mitaani Ng'ambo, upande wa mji wa Zanzibar walikoishi watu wa kawaida, na kuvaliwa na wajukuu wa vijakazi.

Hapo, mwanamke wa mwaka 1900 aliyekunja pua mbele ya kaniki hakuwa anakataa rangi. Kaniki ni kitambaa imara, hakionyeshi uchafu, bei yake nafuu, na kwa kazi ya shamba ni vigumu kukipata kilicho bora zaidi. Alikuwa anamkataa yule ambaye jana alilazimishwa kuwa yeye. Mjukuu wake anaweza kuirithi chuki hiyo bila kuirithi habari yake. Anajua tu kwamba bibi alisema kaniki haivaliwi mbele za watu, na yeye naye akiiona anasikia uzito ambao hawezi kuueleza. Nadhani chuki zetu nyingi za mavazi ni za namna hii: sababu imeshakufa, karaha ndiyo iliyobaki hai.

Jinzi zilizochanwa magotini ni mfano wa karibu zaidi. Vijana hawaelewi kwa nini wazazi wanazichukia kiasi kile, na wazazi wakiulizwa wanaishia kusema ni uhuni. Lakini mhesabie mzazi huyo miaka. Aliyekuwa mtoto Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980 aliishi zama ambazo nguo, sabuni na hata sukari vilikuwa vya kupanga foleni kwenye duka la ushirika. Kaptula ilitiwa kiraka, kiraka kikatiwa kiraka, na goti lililochungulia nje lilikuwa tangazo la hali ya nyumbani kwenu. Leo mtoto wake anatoa pesa nzuri kununua goti lililochungulia. Kwa kijana tundu ni mtindo kwa sababu kila mtu anajua angeweza kununua suruali nzima. Utani huo hauwezi kumchekesha aliyevaa tundu kwa kukosa. Mimi mwenyewe, niseme tu, siwezi kuzivaa, na sijawahi kupata hoja ya kumshawishi mtu mwingine asizivae.

Sare za shule hufanya kazi hiyohiyo kimyakimya. Waliovaa sketi ya damu ya mzee miaka minne ya bweni, pamoja na maharage yake na kengele ya saa kumi alfajiri, wengi hawanunui tena rangi hiyo. Ukiwauliza watakwambia haiwapendezi.

Halafu kuna ushamba, ambao sisi watu wa mijini tunauogopa kuliko tunavyokiri. Soksi ndani ya kandambili, suruali iliyopandishwa hadi juu ya kitovu, tai fupi inayoishia kifuani, koti lenye lebo ya duka bado iko mkononi. Hakuna anayeumia kwa hayo. Lakini chunguza nani anayecheka zaidi. Mtu ambaye familia yake imekaa Upanga, Dar es Salaam, vizazi vitatu kwa kawaida hajali. Anayecheka kwa sauti ni aliyeshuka kwenye basi la mkoani miaka michache iliyopita akiwa amevaa hivyohivyo, naye bado ana wasiwasi kwamba watu watamkumbuka.

Kinyume chake nacho kipo, na kinachekesha. Tunachukia kufananishwa na wa chini yetu, lakini hata kufanana na wa kando yetu kunatukera. Mwanamke aliyeshona kitenge kwa ajili ya sendofu, akafika ukumbini akakuta mwingine ana kitenge kilekile na mshono uleule, jioni yake imeharibika. Wiki ijayo huyohuyo atachangia pesa za sare ya harusi na kuvaa sawasawa na wenzake hamsini kwa furaha kabisa. Tofauti ni kwamba wale hamsini amewachagua.

Hadi hapa nimesema kama vile chuki hukaa palepale. Haikai. Mwaka 1937 Mwingereza James Laver, mwanahistoria wa mavazi, alitunga ngazi ya mzaha iliyokuja kujulikana kama kanuni yake. Vazi likionekana miaka 10 kabla ya wakati wake, alisema, ni la aibu. Mwaka mmoja kabla, ni la kuthubutu. Likifika wakati wake ni maridadi. Mwaka mmoja baadaye limechuja, miaka 10 baadaye ni baya la kutisha, miaka 20 baadaye ni kichekesho, miaka 30 linafurahisha, miaka 100 lina mahaba, na likifika 150 ni zuri. Miaka yenyewe usiishike kama msahafu, ila mwendo wake tunaujua. Pekosi na bugaluu, suruali zenye miguu mipana, na viatu vya raizoni vyenye soli nene vya miaka ya 1970 vilikuwa uhuni kwa wazee wa siku zile, vikawa kichekesho kwa watoto wao waliozikuta picha kwenye albamu, na sasa wajukuu wanavaa mabwanga mapana vilevile na wanadhani wameyavumbua wao.

Katikati hapo zilipita suruali za modo. Zilipoingia, mvulana aliyezivaa alitukanwa njia nzima: zinambana, amevaa ya dada yake, huyu ana walakini. Baada ya miaka kadhaa zilikuwa kila mahali, kwa bodaboda, kwa mwalimu, kwa mchungaji kijana. Leo kijana wa chuo akimwona mwanamume aliyebanwa na modo anajua mara moja huyo ni wa umri gani. Jicho limezoea, kisha limechoka. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha mwaka 1968 jinsi hatua ya kwanza inavyofanyika: watu wakionyeshwa kitu wasichokijua tena na tena, maumbo yasiyo na maana yoyote kwao, wanaanza kukipenda kwa sababu tu wamekizoea. Hakuna anayewashawishi. Kwa hiyo nusu ya karaha tunayoisikia mbele ya mtindo mpya ni ugeni, nao utapona wenyewe.

Hatua ya pili, ya kuchoka, ina mkono wa mtu ndani yake. Georg Simmel, mwanafalsafa wa Kijerumani, aliliona hili mwanzoni mwa karne ya 20: mtindo unaanza kufa siku wale uliowatenga wanapoupata. Baba akinunua raba nyeupe kama za mwanawe, mwana anatafuta nyingine.

Kama mambo yangeishia kwenye kukunja pua, makala haya yangekuwa ya kuchekesha mwanzo hadi mwisho. Tatizo ni pale mwenye karaha anapokuwa na rungu, au Bunge.

Mwaka 1967 na 1968, katika Mkoa wa Arusha, viongozi wa serikali ya Tanzania waliendesha kampeni ya kuwavisha Wamaasai "nguo za heshima". Lubega (shuka inayofungwa begani), mafuta mwilini na udongo mwekundu viliambiwa ni aibu kwa taifa changa. Wamaasai wavae suruali na magauni, na walionywa kuwa wasiobadilika hawatapandishwa kwenye mabasi. Miezi michache baadaye, Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha wakati huo, ukatangaza Operesheni Vijana dhidi ya vimini, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana, kuanzia tarehe 1 Januari 1969. Vijana wengine hawakusubiri tarehe. Kariakoo makundi yalisimamisha mabasi na kuwashambulia wanawake waliovaa vimini na magauni ya kubana.

Ziweke kampeni hizo mbili pamoja. Mmaasai alikosea kwa kuwa wa asili kupita kiasi, na binti wa Dar es Salaam alikosea kwa kutokuwa wa asili vya kutosha. Urefu wa nguo hauwezi kueleza jambo hilo. Linaelezeka ukimtafuta mtu aliyeonekana ndani ya nguo. Katika lubega viongozi waliona Afrika ya kadi za posta za Wazungu, nao walitaka kuonekana wa kisasa. Katika kimini wengi walimwona msichana wa ofisini, mpiga chapa au katibu muhtasi, mwenye mshahara wake, anayepewa lifti na wakubwa wenye magari, wakati kijana wa kiume aliyetoka kijijini hana kazi na hamudu hata kumnunulia soda. Hasira ile ilikuwa ya kazi, pesa na mapenzi kabla ya kuwa ya sentimita za kitambaa. Na leo shuka ya Kimaasai, ile iliyoaibisha taifa, ndiyo inayopamba matangazo yetu ya utalii.

Hatujaondoka mbali na hapo. Februari 2014 Uganda ilipata sheria dhidi ya ponografia, ambayo mitaani ilieleweka kuwa ni ya kupiga marufuku vimini, na wanawake wakaanza kushambuliwa na raia. Mahakama ya Katiba ilivifuta vifungu vyake vikuu Agosti 2021. Novemba 2014 Nairobi, mwanamke alivuliwa nguo na wanaume kwenye kituo cha basi kwa madai ya mavazi yake, tukio likarekodiwa kwa simu, na tarehe 17 wanawake wakaandamana mjini wakisema nguo yangu, uamuzi wangu. Kwa mwanamume mwenye simu mkononi siku ile, sketi iliyomkera haikuwa imemgusa popote.

Juni 2021 ilikuwa zamu ya Bunge la Tanzania, Dodoma. Mbunge wa kiume alisimama kulalamikia mavazi ya mwenzake, na Spika Job Ndugai akamwamuru Condester Sichalwe, mbunge wa Momba, atoke ukumbini akavae vizuri kwanza. Alikuwa amevaa blauzi ya njano na suruali nyeusi. Picha zilizunguka nchi nzima, na watu wengi waliitazama suruali ile kwa makini wakitafuta kosa lake. Wengine waliliona papo hapo, wengine hadi leo hawajaliona. Wote walikuwa wanatazama picha moja.

Sidai kwamba hakuna vazi lenye mahali pake. Msibani huendi na kaptula, msikitini na kanisani kuna taratibu, na mwenye nyumba ana haki ya kumwomba mgeni avue viatu. Taratibu za mahali zinajulikana na zinamhusu kila anayeingia. Karaha yangu binafsi ni kitu kingine, hata nikiivalisha joho la maadili. Njia rahisi ya kuvitofautisha ni kujiuliza kama vazi lilelile lingenikera likivaliwa na mtu ninayempenda. Likiacha kunikera, basi vazi halikuwa na kosa.

Mwaka 2008, siku chache kabla ya kuchaguliwa, Barack Obama aliulizwa kwenye mahojiano ya MTV kuhusu miji ya Marekani iliyokuwa ikitunga sheria dhidi ya suruali za mlegezo. Alijibu kwamba sheria za namna hiyo ni kupoteza muda. Kisha papo hapo akawaambia vijana wapandishe suruali zao, maana unapita mbele ya mama yako na bibi yako boksa ikiwa nje, na si kila mtu anataka kuiona. Chuki yake hakuificha, na polisi hakuwaita. Baba wa Buguruni anafanya vivyo hivyo kila jioni: "Wewe, pandisha suruali hiyo." Kijana anapandisha, anasema shikamoo kwa adabu zote, na akishakata kona anairudisha ilipokuwa.